GeoGebra, Kolibri, WhatsApp au Maktaba Mtandao: kipi kikufae kufundishia Hisabati sekondari?

Mwalimu mwenzangu anayefundisha upande wa Uvinza alinipigia simu mwanzoni mwa muhula. Shule yao imepata projekta moja, walimu wana vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, na mkuu wa shule amekubali kutenga fedha kidogo ya bando. "Sasa kaka, nianze na kipi? Kila ninayemuuliza ananitajia chake." Nilimjibu papo hapo, na nilipokata simu nikagundua nimemsifia tu kile nilichokizoea mimi. Haya hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Ninafundisha Hisabati Kigoma mjini, kidato cha pili hadi cha nne. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 68. Hali ya somo letu inajulikana: katika matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, wanaofaulu Hisabati nchi nzima ni kiasi cha robo tu ya watahiniwa. Watatu katika kila wanne wanaondoka shuleni wakiamini hesabu hazikuumbwa kwa ajili yao. Ndiyo maana sichukulii zana hizi kama mapambo ya somo. Ama zinamsogeza mtoto, ama zinamlia muda wake.

Nitalinganisha nne: GeoGebra, masomo ya Khan Academy yanayotumika bila intaneti kupitia Kolibri, kundi la WhatsApp, na vyanzo vya hapa nyumbani vinavyofuata mtaala wetu. Video za YouTube nimeziacha kwa sababu ya bando. Kipindi kimoja cha video kinamaliza kile ambacho maandishi na picha vingetumia kwa wiki nzima. Na zile programu za kupiga picha swali zikakuletea jibu, kama Photomath, nimeziacha kwa makusudi. Mwalimu anaweza kuzitumia kuhakiki majibu yake, lakini mwanafunzi anayeanza mada anahitaji kukwama kidogo, na zenyewe zinamnyima nafasi hiyo.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni vifaa, umeme na bando. Nani anashika kifaa, kinachajiwa wapi, na MB zinatoka mfukoni mwa nani? Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, kwa hiyo tunazungumzia kifaa cha mwalimu, cha shule, au simu ya mzazi jioni.

Cha pili ni mtaala, mtihani na lugha. Karatasi ya 041, yaani mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne tunaowaandalia watoto, ina maswali 14: sehemu A maswali 10 yenye jumla ya alama 60, na sehemu B maswali manne yenye alama 40. Vikokotoo haviingii chumba cha mtihani. Mtoto anaruhusiwa majedwali ya hisabati tu. Yote anaandika kwa Kiingereza, ilhali akitoka nje ya darasa anawaza kwa Kiswahili, na wengine wetu huku kwa Kiha kwanza.

Cha tatu ni kazi ya mwanafunzi: mkono wake unafanya nini wakati zana inatumika? Hiki nakipa uzito kuliko vyote. Nimeona vipindi vya kupendeza ambavyo mwishoni ukikagua madaftari unakuta tarehe na kichwa cha habari peke yake.

Cha nne ni muda wa mwalimu, maana vipindi vyetu ni vingi na madaftari ya kusahihisha hayaishi.

GeoGebra

Hii ni programu ya grafu, jiometri na aljebra iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Wapo wanaopendelea Desmos. Kwa upande wa grafu zinakaribiana sana, na Desmos ni nyepesi kujifunza. Nimebaki na GeoGebra kwa sababu ya jiometri na maumbo ya pande tatu.

*Vifaa na bando.* Ukishaipakua kwenye simu, kishikwambi au kompyuta, inafanya kazi bila intaneti. Unahitaji bando siku ya kuipakua, na siku utakayotaka kuchukua kazi zilizotengenezwa na walimu wengine. Laptop moja na projekta moja zinatosha darasa zima. Bila projekta mambo hubadilika: kishikwambi kimoja kinafaa watoto sita au saba, wa nane anaona kisogo cha mwenzake. Na kabla hujaliahidi darasa, jaribu kuunganisha kifaa chako na projekta ukiwa peke yako ofisini. Vishikwambi vingi vinasumbua kwenye kuunganishwa, laptop ndiyo inayokubali kwa urahisi.

*Mtaala na mtihani.* Hapa ndipo penye utajiri. Milinganyo kwadratiki, fanksheni, kuakisi na kuzungusha maumbo, vekta, duara, maumbo ya pande tatu: vyote vinaonekana. Nitoe mifano miwili.

Wa kwanza ni y = ax². Unaweka kile kishikio cha a kwenye skrini, unakiburuta taratibu kutoka 2 kwenda 1, kwenda nusu. Bakuli la grafu linatanuka. Ukifika sifuri linalala kabisa, linakuwa mstari. Ukiingia kwenye hasi linapinduka. Mwaka jana nilipofika sifuri nilisimama, nikanyamaza. Binti mmoja aliyekaa dirishani, ambaye huwa hasemi, akasema: "Mwalimu, hapo si kwadratiki tena." Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu x² imeondoka." Kwa miaka nimeandika ubaoni kwamba a isiwe sifuri, na wanafunzi wameinakili bila kuuliza. Siku ile sikuhitaji kuiandika.

Wa pili ni mada ya dunia kama tufe, kidato cha tatu. Kigoma na Tabora ziko karibu latitudo moja, kiasi cha 5° Kusini. Tukikadiria Kigoma iko longitudo 30° Mashariki na Tabora 33° Mashariki, tofauti ni 3°. Mtoto anazidisha 3 kwa 60, zile maili za baharini za kila digrii ya ikweta, anapata maili 180, na anasahau kosaini ya latitudo. Akiikumbuka, anazidisha kwa 0.9962 na kupata maili 179.3, kama kilomita 332. Tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo anaona kosaini ni urembo wa mwalimu. Sisi tunaokaa karibu na ikweta mifano ya kwetu inatuficha kosa! Kwenye GeoGebra ya pande tatu unachora tufe, unalikata kwa bapa, kisha unalipandisha bapa kuelekea kaskazini. Duara la mkato linazidi kuwa dogo machoni pao. Ukifika 60°, digrii zilezile tatu ni maili 90 tu, nusu kamili. Tangu nianze kufanya hivyo, wanaosahau kosaini wamepungua kwenye majaribio yangu.

Lakini kuna mahali inagongana na utaratibu wetu. Kwenye ile mada ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kuchora mistari ya mipaka, walimu wengi huku tunafundisha kutia kivuli upande usiotakiwa, eneo la majibu libaki jeupe. GeoGebra inatia kivuli upande unaotakiwa. Usipowaambia mapema, utapata michoro iliyopinduka nusu ya darasa.

*Kazi ya mwanafunzi.* Huu ndio udhaifu wake, na niliulipia. Nilifundisha grafu kwa wiki mbili kwa projekta, watoto wakifurahi, nikatoa jaribio. Karatasi za grafu zilirudi na mihimili isiyo na skeli, jedwali la thamani lenye alama za hasi zilizopotea, na mikunjo iliyounganishwa kwa rula. Waliona sana, hawakuchora. Siku hizi nimegeuza mpangilio: kwanza kila mmoja anachora kwa penseli, anakosea, anafuta, ndipo nawasha projekta walinganishe. Skrini inakuja kama shahidi.

*Muda wa mwalimu.* Somo la kwanza lilinila jioni mbili kuandaa. La kumi halikufika nusu saa, kwa sababu faili zinahifadhiwa na mwakani utazitumia tena.

*Inamfaa nani.* Mwalimu ambaye darasa lake linakwama kwenye kuona: linakariri kanuni bila picha kichwani. Haimfai anayetafuta mahali pa kupata maswali mengi ya mazoezi, wala anayetaka zana ya kusahihisha.

Khan Academy kupitia Kolibri

Khan Academy ni ya Salman Khan, Mmarekani aliyeanza kwa kumsaidia binamu yake hesabu akiwa mbali naye. Masomo yake ni ya bure, yana video fupi na mazoezi yanayojisahihisha. Kwa kawaida yanahitaji intaneti, na hapo ndipo Kolibri inapoingia. Kolibri imetengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, ikatoka mwaka 2017, kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Masomo yanapakiwa kwenye kompyuta moja. Vifaa vingine vinajiunga nayo kwa Wi-Fi ya ndani na kuyasoma kama vile viko mtandaoni.

*Vifaa na bando.* Bando ni sifuri darasani. Gharama iko mwanzoni: masomo yote ya Khan Academy ni makumi ya GB. Usiyapakue yote. Chagua mada unazozihitaji, au mtafute aliyekwisha kuyapakua akupe kwa diski, maana Kolibri inakubali kupokea masomo kutoka kwenye diski au flashi. Sisi tulifanya hivyo. Utahitaji laptop yenye betri nzima, kisambaza Wi-Fi, na vishikwambi au kompyuta za wanafunzi. Mtoto mmoja kwa kifaa kimoja ndiyo hali nzuri. Wawili wanawezekana wakipeana zamu. Watatu, wa tatu anaangalia nje.

Umeme usiudharau. Siku moja tulikuwa na vishikwambi kumi na viwili, watoto wamezama kazini kimya kabisa, umeme ukakatika. Vishikwambi viliendelea, lakini kisambaza Wi-Fi kilizima, na laptop yenye betri chakavu ikafuata. Kipindi kikaishia pale. Baadaye tulinunua pawabenki ya kukiwasha kile kisambazaji, na tatizo likapungua.

*Mtaala na mtihani.* Aljebra, milinganyo, trigonometria, uwezekano na takwimu viko vizuri, tena vimepangwa hatua kwa hatua. Mada ya dunia kama tufe kwa mtindo wetu hutaiona. Hesabu za biashara, zile za leja na urari, hutaziona zikiwa kwenye mpangilio wa kitabu chetu. Lugha nayo inahitaji kusindikizwa. Mmarekani anasema "slope" na kuandika y = mx + b; kitabu chetu kinasema "gradient" na kuandika y = mx + c. Kwetu ni "indices", kwake ni "exponents". Mtoto mwenye Kiingereza kidogo hajui kwamba ni kitu kilekile. Nimeandika karatasi ya manila yenye safu tatu, neno lao, neno letu na Kiswahili, nikaibandika ukutani kwenye chumba cha kompyuta. Mkazo wa Kimarekani kwenye video ni kikwazo kingine, hasa kidato cha kwanza na cha pili. Mazoezi yanafaa kuliko video.

*Kazi ya mwanafunzi.* Hapa Kolibri inazipita zote. Mtoto anajibu, anaambiwa hapohapo kama amepata, akikosa anaweza kuomba dokezo, na hawezi kukamilisha zoezi mpaka apate maswali ya kutosha. Katika darasa la watu 68 mimi siwezi kumjibu kila mmoja kila swali. Kuna kijana alikuja kidato cha tatu hajui kujumlisha sehemu. Aibu ilimzuia kuuliza mbele ya wenzake. Kwenye kishikwambi alirudi hadi mazoezi ya shule ya msingi, hakuna aliyemwona, na kwa wiki nne hivi akapanda hadi aljebra.

Angalia kitu kimoja: wapo wanaobonyeza dokezo mara nne mpaka jibu lijitokeze, wakalinakili. Dawa yangu ni daftari. Kila swali linafanywa kwenye daftari kwanza, na mimi nazunguka nikikagua daftari, si skrini.

*Muda wa mwalimu.* Mwanzo ni mzito: kufunga programu, kuandikisha wanafunzi, kupanga madarasa. Ukivuka hapo inakurudishia muda, kwa sababu inakuonyesha nani amefanya nini na wapi wengi wanakosea, na unaweza kuwatungia jaribio humo humo.

*Inamfaa nani.* Shule yenye chumba cha kompyuta au vishikwambi kumi na kuendelea, yenye mtu mmoja mwenye moyo wa kushughulika na waya, na wanafunzi wenye mapengo ya nyuma yanayotofautiana. Haiifai shule yenye kifaa kimoja.

Kundi la WhatsApp

*Vifaa na bando.* Simu zipo tayari, na hii ndiyo nguvu yake. Ila ni simu za wazazi. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilianzisha kundi la kidato cha nne, nikawa natuma maswali jioni. Nikaona jambo lililonichanganya: kuna majuma majibu yalikuja mengi, na majuma mengine yalikatika kabisa. Nilidhani ni uvivu. Mzazi mmoja wa Kibirizi ndiye aliyenifumbua macho. Nilimpigia kumuulizia kijana wake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu. Huyu mtoto si mvivu. Sasa hivi ni giza, tunavua, na simu naenda nayo ziwani. Mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika, utamwona."

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapaki. Kwa watoto wa wavuvi, simu ipo nyumbani siku za mbalamwezi. Tangu hapo napanga kazi ndefu za kundi kwa kufuata mwezi, na siku za giza natuma fupi zinazoweza kusubiri hadi asubuhi baba anaporudi. Mwalimu wa Urambo au Kaliua atakuwa na kalenda yake, labda ya msimu wa tumbaku. Iulizie kwa wazazi kabla hujamwita mtoto mvivu.

Bando: picha ya swali na sauti fupi hazili sana, video zinakula. Wafundishe wazazi kuzima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe kwenye mipangilio ya WhatsApp. Usipofanya hivyo, kundi la Hisabati litamaliza bando la familia na utaambiwa mtoto atoke.

*Mtaala na mtihani.* Chochote unachotuma ndicho mtaala. Unaweza kupiga picha swali la mtihani uliopita na kulieleza kwa sauti kwa Kiswahili, kisha ukaandika hatua kwa Kiingereza kama atakavyoziandika kwenye chumba cha mtihani. Sijaona zana nyingine inayobeba lugha zote mbili kwa urahisi huo.

*Kazi ya mwanafunzi.* Inategemea swali lako. Niliwahi kutuma swali moja kwa wote: kunjua (x + 3)². Kabla ya saa tatu usiku nilikuwa na majibu ishirini na matatu yanayosema x² + 9. Mmoja alikosea, wengine wakanakili hadi mwandiko. Siku hizi kila mtu ana swali lake: "Chukua tarakimu ya mwisho ya namba yako ya mahudhurio, ongeza 2, uiweke mahali pa k, ukunjue (x + k)²." Kila mmoja anapata jibu linalotegemea namba yake, na anayenakili anajulikana. Kusahihisha ni rahisi pia, majibu yote kumi yako kwenye karatasi moja mezani kwangu.

*Muda wa mwalimu.* Hapa ndipo panapochosha kuliko zote. Ujumbe unaingia saa nne usiku, alfajiri, Jumapili. Weka saa za kundi na uziheshimu mwenyewe: mimi nafungua saa kumi na mbili jioni na kufunga saa mbili na nusu, baada ya hapo nawasha ile mipangilio ya viongozi pekee kuandika. Mshirikishe mwalimu mwingine kama kiongozi wa pili, wazazi wawemo, na usizungumze na mwanafunzi pembeni. Kwa mabinti hasa, hili liwe sheria isiyo na mlango wa nyuma.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayetaka kurefusha somo baada ya kengele, na shule isiyo na kifaa chochote. Haifai kufundishia mada mpya.

Maktaba Mtandao na vyanzo vya hapa nyumbani

Naziweka pamoja: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania yenye vitabu vya kiada, Shule Direct yenye notisi na maswali ya sekondari, na tovuti ya Baraza la Mitihani.

*Vifaa na bando.* Kurasa za maandishi hazina uzito mkubwa, ila vitabu vya PDF vyenye picha vina MB nyingi. Pakua mara moja ukiwa mjini, hifadhi kwenye flashi, gawana na wenzako wa shule yako.

*Mtaala na mtihani.* Hakuna kinachovipita. Mada zote zipo, kwa majina na mpangilio tunaoujua. Mitaala inapobadilika kidato baada ya kidato, hakikisha tu kitabu ulichopakua ni cha mtaala ambao darasa lako linaufuata.

Walimu wengi wanaijua tovuti ya Baraza kwa matokeo peke yake, na hilo linanisikitisha. Humo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zinaeleza kila swali lilipima nini na watahiniwa walikosea wapi, na zinaonyesha nakala za majibu mabaya na mazuri kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mimi nachapisha jibu baya moja, bila maoni ya mtahini, nawapa wanafunzi kalamu nyekundu: "Leo ninyi ndio mnaosahihisha." Wanabishana. Mmoja anasema alama ya kutoa imepotea mstari wa pili, mwingine anasema hapana, imepotea wa tatu. Mtoto anayeweza kuliona kosa kwenye karatasi ya mtu asiyemjua, juma linalofuata anaanza kuliona kwenye yake.

*Kazi ya mwanafunzi.* Vyanzo vyenyewe ni vya kusoma. Kisipotiwa kazi na mwalimu, kitabu cha kwenye skrini kinasinzisha kuliko cha karatasi.

*Muda wa mwalimu.* Kidogo. Ni kutafuta, kuchapisha au kuandika ubaoni.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mpya anayejenga akiba ya maswali, shule yenye uhaba wa vitabu, na kidato cha nne kuanzia Julai.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una simu yako peke yake, huna projekta: anza na taarifa za uchambuzi wa majibu na maswali ya mitihani iliyopita, uyatumie kwa chaki na karatasi. Kundi la WhatsApp liongeze pale wazazi wengi watakapokuwa na simu janja, na kabla ya kulifungua fanya kikao kimoja nao.

Una projekta na laptop, umeme upo siku nyingi, kama mwenzangu wa Uvinza: GeoGebra, kwa mada tatu tu muhula wa kwanza. Ningechagua grafu za kwadratiki, kuakisi na kuzungusha maumbo, na dunia kama tufe. Fedha ya bando aliyotengewa itumike kupakua vitabu na programu siku moja. Nyingine anunulie karatasi za grafu.

Shule ina chumba cha kompyuta kinachokaa kimefungwa kwa sababu intaneti hakuna: Kolibri. Anza na kidato cha kwanza au cha pili, ambako mapengo ya shule ya msingi bado yanazibika, na kipindi kimoja kwa juma kinatosha.

Kidato cha nne na miezi mitatu imebaki: usiwaingize kwenye zana mpya. Vyanzo vya mtaala wetu mchana, WhatsApp jioni, swali moja lenye namba ya kila mtu. GeoGebra iguse tu mada ambayo majaribio yanaonyesha darasa zima halijaielewa.

Shule ya bweni, simu hakuna kabisa: WhatsApp iondoe kwenye hesabu. Jioni za bweni ni ndefu, na Kolibri kwenye vishikwambi vichache kwa zamu ya dakika arobaini, daftari likiwa mezani, itafanya kazi kubwa kuliko projekta ya mchana.

Na kama mko walimu wawili wa Hisabati na kila mmoja anapenda chake, msilazimishane. Mmoja aandae faili za GeoGebra za mada za muhula, mwingine akusanye maswali na majibu mabaya ya kusahihishwa, mbadilishane flashi kila Ijumaa. Sisi tumeanza hivyo muhula huu, na flashi yenyewe tumeifunga uzi mwekundu isichanganyike na nyingine za ofisini.